Otenyo, mkuki wake, na ng'ombe waliochukuliwa

Ukipanda matatu hapa Sironga kwenda Kisii mjini, pale unaposhukia palikuwa kituo cha serikali ya Waingereza kilichofunguliwa 1907. Wazee bado wanapaita Getembe. Mkuu wake aliitwa Northcote. Jina likawashinda Abagusii, wakamwita Nyarigoti. Sasa skia habari za yule aliyemchoma mkuki.

Otenyo alikuwa shujaa wa Kitutu. Usidhani aliamka tu siku moja na hasira zake. 1905 askari wa KAR walikuwa wamekuja huku na bunduki ya Maxim, na vijana waliowakimbilia na mikuki walifyekwa. Ng'ombe wakabebwa. 1908 ilipoanza, Nyarigoti naye alikuwa akiswaga ng'ombe wa watu. Na ng'ombe wakati huo hawakuwa mali ya kuuza tu, bana. Ndio mahari, ndio heshima. Bila wao huoi.

Moraa wa Ngiti, mganga wa ukoo wao, ndiye aliyekuwa akiwachemsha vijana wasikubali. Masimulizi mengi yanamtanguliza Otenyo, mama huyu anakuja nyuma. Mimi ningegeuza.

Januari 1908 Otenyo alimvizia mzungu njiani, akarusha mkuki, ukampata mgongoni. Hakufa.

Lakini askari walirudi. Nyumba zikachomwa, mamia ya watu wakauawa, ng'ombe wakachukuliwa kwa maelfu. Hata Winston Churchill, wakati huo naibu wa waziri wa makoloni kule London, alilalamika kwamba watu wasioweza kujikinga wanauawa kupita kiasi. Churchill, yule yule unayemjua!

Wazee wakasalimu amri. Usitafute picha ya majenerali wakipeana mikono, hakuna. Nyumba ni majivu, zizi ni tupu, utapigana na nini? Miaka michache baadaye serikali ikavunja ebisarate, zile kambi ambako vijana waliishi wakilinda mifugo, na hapo jeshi la Abagusii likaisha kabisa.

Nyarigoti alipona, akapanda vyeo, na 1937 akawa gavana wa Hong Kong. Otenyo alikamatwa, akauawa. Familia yake inasema kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Uingereza, na mpaka leo wanakidai wakizike.