Selous na bunduki ya kalibre 4: bei ya chini, lakini bega ndilo lililolipa

Taja bunduki ya kushindilia fasi yoyote ya Uvira, iwe Nyamianda kando ya ziwa ama kule juu Itombwe, na kila mtu atakuelewa. Ni ile unayoipakia kwa mdomo: baruti kwanza, kisha kitambaa, kisha risasi, unashindilia kwa fimbo, unaweka fataki, ndipo unalenga. Wengine wanaiita gobori, wengine pupu. Na mabishano ya wawindaji hayajabadilika tangu zamani: tundu kubwa ama tundu ndogo? Baruti mingi ama kidogo?

Leo tunasimulia maisha ya mtu ambaye alijibu swali hilo kwa mwili wake mwenyewe. Anaitwa Frederick Courteney Selous. Jina lake wengi wamelisikia juu ya mbuga kubwa ya wanyama kule Tanzania. Sisi watu wa shimo tuna sababu nyingine ya kumjua: alianzia safari yake kwenye mgodi, aliumizwa na baruti, na mwishowe akawaonyesha njia watu waliokuja kutafuta dhahabu.

Mtoto wa tajiri aliyelala sakafuni

Selous alizaliwa London tarehe 31 mwezi wa 12, 1851. Baba yake alikuwa mkubwa wa soko la hisa la mji ule, kwa hiyo nyumbani hakukukosekana kitu. Lakini kijana alikuwa na Afrika tu kichwani. Shuleni, mwalimu alimkuta usiku amelala juu ya sakafu tupu na kitanda kiko pembeni. Alipoulizwa sababu, alijibu kwamba anajizoeza, maana siku moja atakuwa mwindaji Afrika.

Tarehe 15 mwezi wa 1, 1867, alikuwa kati ya watu waliokuwa wakiteleza juu ya barafu ya ziwa moja la London. Barafu ilivunjika, watu 40 wakafa. Yeye alijilaza kifudifudi juu ya vipande, akatambaa polepole mpaka ukingoni.

Tarehe 4 mwezi wa 9, 1871, akiwa na miaka 19, alishuka kwenye pwani ya Afrika Kusini na pauni 400 mfukoni.

Kimberley: bunduki nzuri inaibwa

Wakati ule njia zote zilielekea Kimberley, kwenye almasi. Maelfu ya watu walikuwa wanachimba kwa sururu na koleo, kila mmoja kwenye kipande chake, sawa na karyeri zetu. Selous naye alipita huko. Alikuwa na bunduki moja ya thamani, ya midomo miwili, ya kufungulia nyuma na kutia risasi moja kwa moja, kazi ya fundi Reilly wa London. Kule kwenye almasi ikaibwa.

Wizi huo ndio uliopanga maisha yake ya miaka iliyofuata. Makuta ya kununua nyingine ya aina ile hayakuwepo. Akanunua bunduki mbili za kushindilia, kazi ya Hollis wa Birmingham, kwa pauni 6 hivi kila moja. Zilikuwa za kalibre 4.

Tusimame hapa kidogo, maana wengi wanaitaja kalibre bila kujua hesabu yake. Kwa bunduki za namna hii, namba inahesabu risasi za mviringo zinazotoka katika ratili moja ya risasi, yaani gramu 453. Kalibre 12, ambayo wote tunaijua, inatoa risasi 12, kila moja gramu 38 hivi, na tundu la bunduki ni milimita 18 na nusu. Kalibre 4 inatoa risasi 4 tu: kila moja gramu 113, na tundu linapita milimita 26. Kwa hiyo namba ikipungua, tundu linakua. Mtu anayedhani kalibre 4 ni ndogo kuliko 12 amegeuza mambo.

Kwa nini tundu kubwa namna ile? Risasi ya mviringo ni nzito lakini haina mwendo mrefu. Hewa inaisimamisha upesi, na kwa tembo lazima ipasue ngozi, nyama na mfupa. Njia ya wazee wa zamani ilikuwa moja: kuongeza uzito, kuongeza baruti, na kusogea karibu sana na mnyama.

Baruti kwa kiganja

Mwaka 1872 Selous alifika Bulawayo kwa mfalme Lobengula wa Wandebele. Bila ruhusa ya mfalme hakuna aliyewinda katika nchi ile. Lobengula alimwangalia kijana huyu wa miaka 20, akamuuliza amekuja kufanya nini. Aliposikia tembo, alicheka, akamuuliza kama si vipaa vidogo ndivyo alivyokuja kuwinda, maana yeye bado ni mtoto. Mwishowe alimpa ruhusa ya kwenda anakotaka.

Mwalimu wake wa kwanza porini hakuwa muzungu. Alikuwa Mkhoikhoi mmoja aliyejulikana kwa jina la Cigar, mtu aliyewahi kupanda farasi wa mashindano kabla ya kuwa mwindaji. Cigar alimwonyesha ginsi ya kumfuata tembo kwa miguu, maana nchi ile ilikuwa na mbung'o na farasi hawakupona. Selous mwenyewe alikiri kwamba Cigar hakumdhulumu hata kidogo katika kugawana, ingawa ni Cigar aliyekuwa mjuzi na yeye mwanafunzi.

Walikimbia jua kali. Selous alivaa shati, kofia na viatu tu, miguu wazi. Ubavuni alikuwa na mfuko wa ngozi uliojaa baruti ya kawaida ya biashara. Hakuipima. Alitia mkono, akachota kiganja, akamimina kwenye mdomo wa bunduki huku akikimbia. Baadaye alipokipima kiganja hicho alikuta zaidi ya gramu 35. Katriji ya kawaida ya kalibre 12 ya wakati ule ilikuwa na gramu 5 hivi. Yaani kila mara bunduki ilipolia, ile nguvu yote ilirudi kwenye bega la kijana asiye mnene, kutoka kwenye bunduki isiyofika kilo 6.

Tembo walianguka, hilo ni kweli. Kati ya 1872 na 1874 aliua tembo 78 kwa bunduki zile mbili. Pembe zikauzwa, jina likatoka.

Siku ile baruti ilipogoma

Kuna siku moja ambayo kila mchimbaji anayetumia baruti aisome mara mbili. Selous alimlenga tembo, akavuta, bunduki ikakataa kulia. Katika haraka ya kumfuata mnyama, bunduki ileile ikashindiliwa mara ya pili, baruti mpya juu ya ile iliyokuwa haijawaka. Alipovuta tena, zote zikawaka pamoja. Bunduki ilimnyanyua kutoka ardhini, ikaruka nyuma ya bega lake, yeye akaanguka uso kwenye mchanga. Alipoinuka damu ilikuwa imejaa usoni na mkono wa kulia haukuinuka.

Watu wa shimo, hii habari tunaijua. Tundu likigoma, hulitii baruti nyingine juu. Hulichokoi kwa chuma. Unaondoka, unangoja, unamwita mwenye ujuzi. Hakuna bosi wala tembo anayestahili haraka ile. Selous aliponea kwa bahati. Katika shimo lenye watu 10 bahati haitoshi wote.

Lakini madhara makubwa zaidi hayakuwa ya siku ile moja. Yalikuwa ya kila siku. Mapigo yale yaliharibu mishipa yake ya fahamu. Tangu hapo, hata akiwa na bunduki nyepesi, mwili wake ulishtuka kabla ya kuvuta, na shabaha yake haikurudi kuwa ile ambayo angeweza kuwa nayo. Aliandika waziwazi kwamba anajuta kuwahi kuzigusa zile kalibre 4. Na huyu si mtu aliyeshindwa: ni mtu aliyepata utajiri na sifa kwa bunduki hizo hizo.

Alipopata makuta alibadilisha. Alichagua bunduki ya Gibbs, ya kufungulia nyuma, yenye risasi ndefu na nyembamba, milimita 11 na kidogo. Kwa hiyo aliua pofu, nyati, hata tembo, bila kuvunjwa bega. Risasi ndefu inakata hewa vizuri na inaingia ndani. Haina lazima ya kuwa kubwa kama limao.

Somo hili liko hata kwa wanaowinda wanyama wadogo. Marekani mpaka leo kuna majira ya kuwinda kulungu kwa bunduki za kushindilia, na wengi wanachagua tundu la nusu inchi, milimita 12.7. Risasi yake ya mviringo ni gramu 12 hivi. Inatosha kwa mnyama wa ukubwa huo akiwa karibu, haiharibu nyama, na mwenye bunduki anabaki na bega lake. Mtu anayetafuta tundu kubwa zaidi ili tu mlio uogopeshe jirani, anapoteza baruti, nyama na afya.

Kutoka tembo mpaka dhahabu

Tembo walipoisha, Selous alikuwa amebaki na kitu kingine cha thamani: alijua njia zote za nchi ile. Cecil Rhodes, tajiri wa almasi ya Kimberley, alihitaji njia hizo.

Tarehe 30 mwezi wa 10, 1888, Lobengula alikuwa ametia alama kwenye kontra iliyowapa watu wa Rhodes haki ya madini yote ya ufalme wake. Malipo: pauni 100 kila mwezi, bunduki 1,000 za kisasa za kufungulia nyuma, na risasi 100,000. Mfalme aliona kwamba enzi ya gobori inaisha, akataka bunduki mpya kulinda nchi. Alipotambua kilichoandikwa kweli, akaikataa kontra, lakini karatasi ilikuwa imekwisha kufika London.

Mwaka 1890 Selous aliiongoza safu ya Kampuni ya Rhodes mpaka fasi ambayo leo ni Harare. Walifika tarehe 12 mwezi wa 9. Kila mmoja wa wale walowezi aliahidiwa ekari 3,000 za shamba na viwanja 15 vya dhahabu. Wenye nchi hawakuulizwa. Mwaka 1893 vita vilianza, bunduki za Maxim zikawafyeka Wandebele, na Lobengula alikufa akiwa mkimbizini. Zile bunduki 1,000 hazikumwokoa. Katikati ya miaka hiyo, tarehe 20 mwezi wa 12, 1891, kule kwetu Katanga, Msiri aliuawa Bunkeya na watu wa Leopold kwa sababu hiyohiyo: alikaa juu ya madini.

Selous alipigana upande wa Kampuni na akajeruhiwa. Wanaomsifu kama mwindaji mpole wasiisahau sehemu hii. Mfalme aliyempa ruhusa akiwa kijana, ndiye aliyevamiwa kwa njia ambazo kijana yule alizijua.

Beho Beho

Vita Vikuu vya kwanza vilipoanza Selous alikuwa na miaka 62. Aliambiwa ni mzee, akasumbua wakubwa mpaka wakamkubali. Mwezi wa 5, 1915, alishuka Mombasa na kikosi chake. Ni vita vilevile ambavyo wazee wetu wa ziwa walivisimulia: mwaka 1916 majeshi ya Kongo ya Wabelgiji yalichukua Kigoma mwezi wa 7 na Tabora mwezi wa 9, mizigo ikiwa kwenye vichwa vya wapagazi wetu.

Tarehe 4 mwezi wa 1, 1917, pale Beho Beho, karibu na mto Rufiji, risasi ya askari wa upande wa Wajerumani ilimpiga kichwani. Alikuwa na miaka 65. Alizikwa palepale. Mwaka mmoja kamili baadaye, tarehe ileile, mwanawe wa kiume aliuawa vitani Ulaya. Mbuga ikapewa jina la Selous. Tangu 2019 sehemu yake kubwa, pamoja na kaburi, ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Wapagazi waliokufa kwa makumi ya maelfu katika vita hivyo, wengi hawana hata jiwe.

Tunaondoka na nini? Selous alichagua chombo kwa bei, si kwa mwili wake, na alikuwa na sababu: alikuwa ameibiwa, hakuwa na makuta. Nasi tunanunua fataki za bei ya chini, tunafanya kazi bila kofia, tunapima baruti kwa kiganja, kwa sababu hiyohiyo. Yeye baadaye aliweza kubadilisha bunduki. Mchimbaji peke yake mara nyingi hawezi. Ndiyo maana kipimo cha baruti, fataki nzuri, na haki ya kukataa kurudia tundu lililogoma, ni mambo ya kudaiwa pamoja, kabla ya kuteremka, wakati bega bado ni zima.