Koitalel arap Samoei: Mshauri wa Vita wa Wanandi

Historia ya Kenya humtaja Koitalel arap Samoei kama kiongozi wa Wanandi aliyewapinga Waingereza kwa zaidi ya mwongo mmoja. Maelezo haya, ingawa ni ya kweli, huficha jambo la msingi kuhusu cheo chake. Koitalel hakuwa mfalme, wala hakuwa jemadari. Alikuwa orkoiyot, yaani mshauri ambaye bila idhini yake vijana hawakuthubutu kwenda vitani.

Koitalel alizaliwa takriban mwaka 1860 katika ukoo wa Talai, ukoo ulioaminiwa kuwa na kipawa cha utabiri. Jamii ya Wanandi iligawika katika maeneo yaliyoitwa pororiet, na kila eneo lilikuwa na baraza lake na kikosi chake cha vijana. Mabaraza hayo ndiyo yaliyoamua mambo ya kila siku. Orkoiyot aliwasiliana nayo kupitia wajumbe walioitwa maotik. Aliombwa ushauri kuhusu wakati mwafaka wa kushambulia, naye akatoa baraka zake. Vita vilipofaulu, alipokea sehemu ya ng'ombe waliotekwa.

Vita visipofaulu, lawama zilimwangukia yeye. Kimnyole arap Turukat, baba yake Koitalel, aliyajua hayo kwa uchungu. Mnamo 1890, baada ya njaa, maradhi ya mifugo na vifo vya vijana wengi vitani, Wanandi walimshutumu na kumuua kwa marungu. Baadaye wanawe wawili waliwania nafasi hiyo. Koitalel alishinda, na nduguye Kipchomber arap Koilegen akakimbilia kwa Wakipsigis. Hivyo basi, Koitalel alirithi kazi ambayo tayari ilikuwa imemgharimu mzazi wake uhai.

Mapambano na Waingereza yalianza mwaka 1895. Serikali ya kikoloni ilituma majeshi dhidi ya Wanandi mara kadhaa, kabla na baada ya reli kufika Kisumu mwaka 1901. Wanandi walitumia misitu na miteremko ya nchi yao, wakashambulia misafara, wakakata nyaya za simu na kuzifanya mapambo. Mchango mkubwa wa Koitalel ulikuwa kuyaunganisha maeneo yaliyozoea kupigana kila moja kivyake. Waingereza walitambua kwamba kumshinda mshauri huyo kungekuwa na tija kuliko kushinda vikosi kimoja kimoja.

Tarehe 19 Oktoba 1905, Koitalel alikubali kukutana na Richard Meinertzhagen, afisa wa jeshi la kikoloni, kwa mazungumzo ya amani. Hakurudi. Alipigwa risasi pale pale pamoja na baadhi ya wafuasi wake. Masimulizi ya Wanandi yanashikilia kwamba aliuawa alipokuwa akinyoosha mkono wa salamu. Meinertzhagen alidai kuwa alijitetea. Mabaraza ya uchunguzi ya kijeshi yalimwondolea hatia, lakini mwaka 1906 aliondolewa nchini.

Pasipo mshauri wao, Wanandi walishindwa katika muda wa miezi michache na kusukumwa katika eneo walilotengewa. Mwaka 1908 Makaburu walifika uwanda wa Uasin Gishu kwa magari ya kukokotwa na maksai, na mwaka 1912 makazi yaliyochipuka huko yakapewa jina la Eldoret. Barsirian arap Manyei, mwanawe Koitalel aliyekuja kushika cheo hicho, aliwekwa kizuizini miaka ya 1920 na kuachiliwa 1964, baada ya uhuru. Fimbo za Koitalel zilizochukuliwa na Meinertzhagen zilirejeshwa Kenya mwaka 2006.

Ukilinganisha vifo vya baba na mwana, unaona mizani ya kazi hii. Kimnyole aliuawa na watu wake kwa sababu ushauri wake ulionekana kushindwa. Koitalel aliuawa na adui kwa sababu ushauri wake ulikuwa ukifaulu. Cheo kisicho na jeshi wala kiti cha enzi kilikuwa ngome ya taifa zima, na waliotaka kuiteka nchi walilijua hilo vyema.