Mohamed Amin na Kamera Yake

Kila mwanzo wa mwaka huwauliza wanafunzi wangu hapa Ngara wanataka kufanya kazi gani maishani. Jibu moja limezidi kujirudia: utangazaji wa televisheni. Hutamani kusoma habari, au kusimama mbele ya ramani na kutabiri mvua. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia kuwa angependa kubeba kamera. Kwa hiyo huwasimulia habari za Mohamed Amin, ambaye sura yake haikuonekana sana katika vioo vya televisheni ilhali macho yake ndiyo yaliyotuonyesha mengi.

Alizaliwa mtaani Eastleigh, si mbali na hapa, tarehe 29 Agosti 1943. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli, na kazi hiyo ikaihamishia familia Dar es Salaam. Huko ndiko kijana alikojipatia kamera yake ya kwanza, nayo ilikuwa kuukuu. Mwaka 1963, kabla hata hajatimiza miaka ishirini na mmoja, alianzisha kampuni yake, Camerapix. Mwaka uliofuata alikuwa Zanzibar akipiga picha za mapinduzi. Visiwa hivyo havikumstahi: mwaka 1966 alitiwa gerezani kwa karibu mwezi mmoja, kisha akafukuzwa. Hivyo ndivyo alivyorudi Nairobi.

Ukitoka Ngara kwa miguu, ukapita mzunguko wa Globe na kuingia Moi Avenue, ambayo zamani ikiitwa Government Road, utaifikia sanamu ya Tom Mboya iliyosimamishwa mwaka 2011. Karibu na hapo, mchana wa Jumamosi, 5 Julai 1969, Mboya alipigwa risasi akitoka katika duka la dawa. Amin alifika upesi, akaendelea kupiga picha hata ndani ya gari la wagonjwa.

Mwanafunzi mmoja wa kike aliwahi kuniuliza kama hiyo haikuwa kazi ya tai. Darasa zima lilinyamaza, nami sikuwa na jibu la haraka. Nilimwambia kuwa hata mimi picha hizo hunichoma moyo, lakini bila ya hizo, kifo kile kingebaki maneno ya watu tu. Sidhani kuwa aliridhika, na simlaumu.

Ajabu ni kuwa swali lilo hilo huzuka tunapofika Korem, nchini Ethiopia, mwaka 1984. Huko Amin alirekodi maelfu ya watu waliokuwa wakifa njaa. Sauti iliyosikika ilikuwa ya Michael Buerk wa BBC, na ripoti ilipotangazwa tarehe 23 Oktoba, ulimwengu ulishtuka. Michango ikamiminika, na Julai 1985 wanamuziki wakafanya tamasha la Live Aid huko London na Philadelphia. Watu wasio na hesabu waliokolewa na filamu ya mtu aliyesimama akitazama wengine wakifa. Huyu alikuwa tai wa namna gani?

Kazi hiyo haikumwacha salama. Juni 1991, ghala la silaha lililipuka mjini Addis Ababa. Mwenzake wa sauti, John Mathai, aliuawa, na Amin akapoteza mkono wa kushoto. Aliwekewa mkono wa bandia, na baada ya miezi michache alikuwa kazini tena.

Tarehe 23 Novemba 1996 alipanda ndege ya Ethiopia kutoka Addis Ababa kurudi nyumbani, akiwa na mwandishi mwenzake Brian Tetley. Watekaji watatu waliiteka wakidai ipelekwe Australia. Mafuta yakaisha, nayo ikaanguka baharini karibu na Ngazija. Kati ya watu 175 waliokuwamo, 125 walikufa, Amin na Tetley wakiwa miongoni mwao. Picha za ndege hiyo ikivunjika majini, zilizoonyeshwa duniani kote, zilinaswa na mtalii aliyekuwa ufukweni.