Aliyekusanya mbegu za dunia akafa njaa

Kama umewahi kula injera katika mmoja wa mikahawa ya Kihabeshi pale Kilimani, basi umeonja tefu, nafaka ndogo kuliko hata wimbi. Karibu miaka mia moja iliyopita Mrusi mmoja alipanda nyumbu akavuka milima ya Ethiopia, akiitafuta nafaka hiyo na nyingine nyingi huko huko kwao. Hakuwa jasusi, ingawa baadaye serikali yake mwenyewe ilimfunga kwa kumwita hivyo. Jina lake Nikolai Vavilov.

Alizaliwa Moscow, Novemba 1887. Baba yake alikuwa amefanikiwa kibiashara, lakini alitoka katika familia ya wakulima maskini, na Urusi ya wakati huo njaa haikuwa hadithi. Kijana akasomea kilimo, kisha mwaka 1913 akaenda Uingereza kujifunza kwa William Bateson elimu ya urithi wa viumbe, ambayo wakati huo ilikuwa bado changa. Mwaka 1921 alikabidhiwa ofisi ya utafiti wa mimea mjini Petrograd, ambao baadaye uliitwa Leningrad. Mwaka huo huo njaa iliua watu wengi sana eneo la mto Volga.

Wazo lake halikuwa gumu. Kila zao lina kwao. Pale ambapo wakulima wamelipanda kwa maelfu ya miaka, utakuta aina zake ni nyingi ajabu: moja inavumilia jua, nyingine baridi, nyingine haishikwi na ugonjwa unaomaliza zile za jirani. Kwa hiyo ukitaka mbegu ya kesho, nenda kwa mkulima wa kale, umwombe konzi moja.

Basi akaenda. Uajemi, Afghanistan, nchi za Mediterania, Amerika. Ethiopia aliingia mwishoni mwa 1926, akapokewa Addis Ababa na Ras Tafari, ambaye baadaye ndiye Haile Selassie. Kutoka hapo akafuata njia za milimani na msafara wa nyumbu hadi Eritrea, akijaza vifuko vya ngano, shayiri, tefu na kunde. Mwenyewe alisimulia kwamba usiku mmoja walijikuta mikononi mwa wanyang'anyi. Badala ya kupigana aliwapa chupa zake za brandi. Wakanywa, wakalala fofofo, naye akaondoka na mbegu zake kabla hakujakucha. (Ujanja huo hata mtaani ungepigiwa makofi.)

Lililomfurahisha zaidi lilikuwa ngano. Kabla ya safari alikuwa amebashiri, kwa kulinganisha tu mimea ya jamii moja na nyingine, kwamba lazima mahali fulani duniani iko ngano ngumu isiyo na ndevu kwenye masuke. Hakuwa ameiona. Ethiopia akaikuta shambani.

Kufikia 1940 hazina yake Leningrad ilikuwa na sampuli takriban 250,000, na hakuna nchi nyingine iliyokuwa na kitu kama hicho. Lakini nyumbani mambo yalikuwa yameharibika. Trofim Lysenko, kijana ambaye Vavilov mwenyewe aliwahi kumsifu, alimwahidi Stalin mavuno ya haraka na akadai elimu ya urithi ni uongo wa mabepari. Sayansi ya Vavilov ilitaka miaka, na Stalin hakuwa na subira hiyo. Agosti 1940, Vavilov akiwa Ukraine akikusanya mimea kama kawaida yake, gari likaja kumchukua. Alihukumiwa kifo, baadaye ikageuzwa kuwa miaka 20.

Wakati huo jeshi la Hitler lilikuwa limeuzingira mji wa Leningrad. Watu walikula gundi na mikanda ya ngozi. Ndani ya taasisi yake mlikuwa na magunia ya mchele, njugu, mahindi na viazi, na wafanyakazi wake hawakuyagusa. Dmitri Ivanov, mtunza mchele, alikufa njaa akiwa amezungukwa na mchele. Alexander Shchukin wa njugu alifia kazini. Vavilov hakujua lolote. Naye alikuwa akififia kwa njaa gerezani Saratov, mji aliofundishia ujana wake, na alikufa huko tarehe 26 Januari 1943. Mkewe na mwanawe walikuwa wakiishi Saratov hiyo hiyo, huku mke akituma vifurushi Moscow akidhani mumewe yuko huko. Serikali ilimsafisha jina mwaka 1955.

Siku hizi mvua za Machi huja wanapotaka wao, na kazi aliyoianzisha imekuwa ya lazima. Kutu ya shina iliyotambuliwa Uganda mwaka 1999, ile Ug99, iliingia Kenya na kuharibu ngano, yaani chapati yako. Ikabidi watafiti wa Njoro wapande maelfu ya aina kutoka kote duniani kuona zipi zitabaki zimesimama. Ethiopia nako, mamia ya aina za kale za ngano zilitolewa kwenye benki ya mbegu na kupandwa wakulima wakizikagua, wanawake kwa wanaume. Baadhi zilizishinda zile za kisasa.

Benki yetu iko Muguga, mwendo mfupi tu kutoka Kilimani ukifuata Waiyaki Way, kama hakuna jam. Ilianzishwa 1988 na ina sampuli karibu 50,000: mtama, wimbi, kunde, mboga za kienyeji. Zinahifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Kila baada ya muda chache hutolewa na kuoteshwa ili ijulikane kama bado ziko hai, na zile zinazoanza kuchoka hurudishwa shambani zizae mbegu mpya.