Tom Mboya: Kati ya Mgomo na Ujirani

Thomas Joseph Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 katika shamba la mkonge la Kilima Mbogo, karibu na Thika, ambako baba yake, Mluo wa kisiwa cha Rusinga, alikuwa nyapara. Kambi za shamba hilo zilikaliwa na watu wa makabila mengi, na mtoto huyo akakua akizungumza Kikamba, Kikuyu na Kiswahili sambamba na Kidholuo. Huenda lugha hizo zilimfaa maishani kuliko vyeti vyote alivyopata Yala, Mang'u na Kabete, alikosomea ukaguzi wa afya kabla ya kuajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi.

Hali ya Hatari ilipotangazwa mwaka 1952 na vyama vya siasa vya Waafrika kupigwa marufuku mwaka uliofuata, vyama vya wafanyakazi vilibaki kuwa mlango pekee uliosalia wazi, japo nusu. Mboya aliingia kwa mlango huo. Mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 23, alikuwa tayari katibu mkuu wa shirikisho la vyama hivyo.

Jina lake lilivuma Mombasa. Mwezi Machi 1955 makuli wa bandari waligoma, na kwa kuwa shehena za Uganda nazo hupitia Kilindini, mgomo huo haukuwa jambo la Kenya peke yake. Mboya aliteremka pwani, akawashawishi wagomaji warudi kazini ili madai yao yapelekwe kwenye usuluhishi. Hatari ya hatua hiyo ilikuwa dhahiri: lau uamuzi ungekuwa haba, angeitwa msaliti. Makuli walipata nyongeza ya asilimia 33. Mwaka huohuo Shirikisho la Wafanyakazi la Tanganyika liliundwa, katibu mkuu wake akiwa Rashidi Kawawa, na Mboya alikuwa miongoni mwa waliolihimiza.

Mwaka 1957 alichaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria, na Desemba 1958 akaongoza kikao cha Mkutano wa Watu Wote wa Afrika mjini Accra. Kumbe Accra hiyohiyo ndiyo iliyokuja kuwa chimbuko la ugomvi. Ghana ilitaka vyama vya wafanyakazi barani vijitenge na shirikisho la kimataifa lenye makao yake Brussels. Mboya, aliyekuwa amepata msaada mwingi huko, alikataa. Mkutano wa Casablanca wa mwaka 1961 uliwagawa wafanyakazi wa Afrika kambi mbili, na mpasuko ukafika hadi ndani ya vyama vya Kenya.

Swali gumu zaidi lilikuwa la nyumbani: uhuru ukishapatikana, je, mfanyakazi aendelee kugoma? Tanganyika ilijibu mapema. Mwaka 1962, Kawawa yule wa vyama akiwa amekwisha kushika uwaziri mkuu, migomo iliwekewa vizuizi vikali kisheria. Mwaka 1964, baada ya maasi ya askari, shirikisho lenyewe lilivunjwa. Mboya, akiwa Waziri wa Kazi, alishika njia tofauti: Oktoba 1962 waajiri, vyama na serikali walitia saini mkataba wa mahusiano kazini. Hata hivyo, tusimpambe kupita kiasi. Ilipoundwa COTU mwaka 1965, Rais alipewa mamlaka ya kumteua katibu mkuu kutoka majina matatu, na Mboya alikuwa ndani ya baraza la mawaziri.

Shirikisho la kisiasa lililoahidiwa Nairobi Juni 1963 na Kenyatta, Nyerere na Obote halikuzaliwa. Akiwa Waziri wa Mipango ya Uchumi tangu mwishoni mwa 1964, Mboya alikabiliwa na malalamiko ya majirani kwamba viwanda vilikuwa vikirundikana Kenya. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa saini Kampala tarehe 6 Juni 1967, ulikusudiwa kuyatuliza.

Tarehe 5 Julai 1969 Mboya alipigwa risasi mchana katikati ya Nairobi, akafa akiwa na umri wa miaka 38. Mwaka uliofuata serikali ya Obote iliwafukuza Uganda maelfu ya vibarua Wakenya, wengi wao Waluo.