Mzee Leland, Baba wa Cadillac na Lincoln

Wapenzi wa magari makubwa ya zamani ya Kimarekani wamegawanyika makundi mawili, na mabishano yao hayana mwisho. Kundi moja ni la Cadillac, jingine ni la Lincoln. Watu wa Cadillac hawaoni gari jingine duniani. Watu wa Lincoln nao husema kwamba Cadillac ni gari la mtu atakaye kutazamwa, ilhali Lincoln ni la mtu asiye na haja ya kujitangaza. Nimewaona watu wazima wakinuniana kwa jambo hili. Lakini ni wachache kati yao wajuao kwamba magari haya mawili ni ndugu, tena ndugu wa baba mmoja. Baba huyo ni Henry Martyn Leland, fundi aliyeziasisi kampuni zote mbili, na zote mbili zikamtoka mkononi. Leo napenda, mpenzi msomaji, nikusimulie habari zake, kwani maisha yake yana mafunzo hata kwa asiyejua kuendesha gari.

Leland alizaliwa tarehe 16 Februari 1843 huko Barton, katika jimbo la Vermont, kaskazini mashariki ya Marekani. Wazazi wake walikuwa wakulima wenye mali chache. Angali kijana mdogo aliingia kazini katika mji wa Worcester, Massachusetts, kwenye kiwanda kilichounda mitambo ya kufumia nguo. Sisi watu wa Pwani tuna sababu ya kulikumbuka jimbo hilo. Wafanyabiashara wa Salem, mji ulio humo humo Massachusetts, ndio waliokuwa wakileta Unguja na mwambao wetu kile kitambaa ambacho mababu zetu walikiita merikani. Jina la nchi likawa jina la nguo.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka 1861, Leland alikwenda kufanya kazi katika kiwanda cha serikali cha kuunda bunduki huko Springfield. Hapo ndipo alipojifunza jambo lililomtawala maisha yake yote. Zamani kila bunduki iliundwa peke yake, na kipande cha hii hakikuingia katika ile mpaka fundi akipige tupa. Springfield walikuwa wakiunda vipande kwa vipimo vya namna moja, hata askari aliyeharibikiwa na kitasa cha bunduki yake aliweza kutiwa kitasa cha nyingine papo hapo. Mwaka 1864, akiwa na umri wa miaka 21, Leland alipiga kura yake ya kwanza, akamchagua Abraham Lincoln. Tulikumbuke jina hilo, tutalirudia.

Baada ya vita alifanya kazi kwa akina Colt, watengenezaji wa bastola, kisha mwaka 1872 akaingia kampuni ya Brown & Sharpe katika mji wa Providence. Huko alikaa miaka kama 18, na akapewa usimamizi wa idara ya cherehani. Mwenye kushona anajua kwamba cherehani haisamehe kosa: sindano ikikosea mahali pake kidogo tu, uzi hukatika. Kwa Leland, inchi moja ilikuwa nchi nzima yenye wilaya elfu, na kila wilaya aliijua. Inasemekana pia kwamba mashine ya mkono ya kinyozi, ile ya kukatia nywele, ilitokana na akili yake.

Mwaka 1890, akiwa na miaka 47, umri ambao wengi huanza kufikiria kupumzika, alihamia Detroit na kufungua karakana yake kwa ushirika na tajiri mmoja aitwaye Robert Faulconer. Mwanawe, Wilfred, naye akajiunga naye. Walikata meno ya gia, wakasubu chuma, wakaunda injini za mashua. Sifa zikaenea: ukitaka kitu sawasawa, nenda kwa Leland. Yeye alikuwa Mkristo mshika dini, hanywi ulevi wala havuti tumbako, na wafanyakazi wake walimjua kwa ukali wa macho yake mbele ya kazi iliyolipuliwa.

Kampuni ya Olds, iliyokuwa ikiuza magari mengi wakati huo, ilimpa kazi ya kuunda injini. Leland akaitazama injini yao, akaikaza vipimo na kuirekebisha, hata ikatoa nguvu za farasi 10 na kidogo, karibu mara tatu ya ile ya awali. Olds hawakuitaka, maana kubadili mitambo kungewachelewesha. Basi injini ikabaki karakanani, ikingoja riziki yake.

Riziki ilikuja mwaka 1902. Palikuwa na kampuni Detroit iliyobeba jina la Henry Ford, ambayo Ford mwenyewe alikuwa amekwisha kuiacha baada ya kutoelewana na matajiri wake. Matajiri hao walimwita Leland awathaminishie mitambo ili waiuze na kufunga mlango. Leland aliithamini, kisha akawashauri wasifunge. Akawaonyesha ile injini iliyokataliwa. Wakakubali, na kampuni ikapewa jina jipya, Cadillac, kwa kumkumbuka Mfaransa aliyeuasisi mji wa Detroit mwaka 1701.

Cadillac ya kwanza haikuwa gari la fahari. Ilikuwa na silinda moja tu. Iliyoipandisha cheo ni usahihi wake, na usahihi huo ulithibitishwa mbele ya watu mwaka 1908 huko Uingereza. Klabu ya magari ya kifalme ya nchi hiyo ilichukua Cadillac tatu, ikazipeleka uwanja wa mashindano wa Brooklands na kuzifungua zote mpaka zikawa chungu ya vyuma. Vipande vikachanganywa, vingine 89 vikaondolewa na kuwekwa vipya kutoka ghala la muuzaji. Kisha mafundi wakaambiwa waunde magari matatu kutoka chungu ile kwa spana na bisbisi tu. Hapana tupa, hapana kukwangua. Magari yakaundwa, yakawaka, yakakimbia maili 500 uwanjani. Wakati huo magari mengi bado yalifungwa kwa fundi kupima na kusugua kila kipande mpaka kikubali. Cadillac ikapewa kombe la Dewar, gari la kwanza la Kimarekani kulipata. Somo la bunduki za Springfield lilikuwa limeingia katika gari.

Mwaka 1909 Cadillac ilinunuliwa na General Motors, lakini Leland na mwanawe wakabakishwa kuiendesha. Miaka iliyofuata ilikuwa ya neema. Zama hizo gari liliwashwa kwa kupiga hendeli, nayo hendeli ikirudi nyuma ilivunja mkono au taya. Inasimuliwa kwamba rafiki yake Leland aliumizwa na hendeli alipokuwa akimsaidia mwanamke aliyezimikiwa na gari, akafa baadaye, na kwamba msiba huo ndio uliomfanya Leland aape kuiondoa hendeli. Ilivyo yakini ni kwamba Charles Kettering aliunda stata ya umeme, na Cadillac za mwaka 1912 zikaja nayo. Mwishoni mwa 1914 ikatoka Cadillac yenye silinda 8 na nguvu za farasi 70. Tangu hapo jina hilo likawa mizani ya kupimia magari mengine.

Mwaka 1917 Marekani iliingia katika Vita Kuu ya Kwanza. Leland alitaka kiwanda kiunde injini za ndege. William Durant, mkuu wa General Motors, hakukubali. Mzee huyu wa miaka 74 akaacha kila kitu, akatoka pamoja na mwanawe na kuanzisha kampuni mpya. Akaipa jina la yule aliyempigia kura ujanani: Lincoln. Katika vita ile kampuni iliunda injini 6,500 za ndege aina ya Liberty.

Vita vilipokwisha, kiwanda kikubwa na mafundi wengi wakabaki bila kazi. Leland akaamua kuunda gari litakaloishinda Cadillac yake mwenyewe. Hisa zilipotangazwa zilinunuliwa kwa muda wa saa chache. Watu hawakununua gari, kwani gari lilikuwa bado halijaonekana. Walinunua jina la Leland. Hapo, msomaji, ndipo amana ilipomkalia mabegani.

Lincoln ya kwanza ilitoka Septemba 1920. Chini ya boneti ilikuwa haina aibu, lakini umbo lake lilikuwa la kizamani. Aidha, mwaka ule ule biashara ikadorora Marekani nzima na wanunuzi wakafunga mikoba. Zaidi ya hayo serikali ikaleta dai la kodi la mamilioni ya dola kwa faida za wakati wa vita, dai ambalo baadaye lilipunguzwa sana. Mwishoni mwa 1921 kampuni ikawa chini ya mfilisi. Tarehe 4 Februari 1922 ikauzwa kwa mnada, na mnunuzi alikuwa Henry Ford, kwa dola milioni 8. Miaka 20 kabla yake Leland alikuwa ameinua Cadillac juu ya mabaki ya kampuni ya Ford. Sasa Ford akawa bwana wa nyumba ya Leland.

Mwanzoni palikuwa na bashasha na picha za magazeti. Leland na Wilfred walibaki kazini. Lakini jahazi halina manahodha wawili, na mwezi Juni mwaka ule ule wote wawili walikuwa wametoka. Leland alikuwa na miaka 79. Wadai wa kampuni walikuja kulipwa. Wanahisa ndio walioumia, na Leland alishikilia kwamba Ford alikuwa amemwahidi kwa mdomo kuwa nao pia watarudishiwa chao. Ford alikana. Kesi ikapanda mpaka mahakama ya juu ya jimbo la Michigan, na akina Leland wakashindwa.

Nilipolisoma jambo hili kwa mara ya kwanza nilikumbuka chuoni, tulipofika katika aya iliyo ndefu kuliko zote ndani ya Msahafu. Si aya ya vita wala ya miujiza. Ni aya ya kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Nasi Waswahili twasema mali bila daftari hupotea bila habari. Mtu aliyepima chuma kwa sehemu ya elfu ya inchi aliacha jambo kubwa kuliko yote liningʼinie juu ya neno la mdomo. Hata hivyo simlaumu kwa moyo mmoja, kwani mzee wa umri ule angeweza kujinyamazia na kula chake kwa amani. Alichagua kwenda mahakamani kwa ajili ya haki za watu waliomwamini. Alifariki Detroit tarehe 26 Machi 1932, akiwa na miaka 89.

Sasa turudi kwenye mabishano. Rafiki yangu mmoja aliyefanya kazi Arabuni miaka mingi ni mtu wa Cadillac mpaka kufa. Hunitajia ile ya mwaka 1959, yenye urefu wa mita 5.7, mapezi nyuma kama ya papa, injini ya lita 6.4 na mwendo kama wa jahazi katika upepo wa kusi. Rafiki mwingine, fundi mstaafu, humjibu kwa Lincoln Continental ya 1961: fupi kidogo, tulivu, haina mapambo, milango ya nyuma hufunguka kwa kuelekea nyuma kama ya kabati. Humwambia kwamba kila injini ya gari lile iliendeshwa saa 3 kiwandani kabla ya kufungwa, na kwamba mnunuzi alipewa dhamana ya miaka 2 wakati wengine wakitoa dhamana fupi kuliko hiyo. Kisha husutana juu ya kasoro: yote mawili hunywa petroli kama ngamia aliyetoka jangwani, usukani wake uko kushoto ilhali sisi twaendesha upande wa kushoto wa barabara, na hakuna hata moja litakalokata kona za Mji wa Kale bila kusugua ukuta wa mtu.

Mimi huwaambia kwamba kwa umbo na starehe kila mtu ana jicho lake. Lakini kama hoja ni ubora, basi Lincoln ile ya 1961, iliyoundwa miaka 29 baada ya Leland kufa, katika kampuni aliyotolewa, ilikuwa ikifuata sheria yake: pima kwanza, kisha uza. Nayo Cadillac, hata ilipojivika mapezi, ilikuwa ikila urithi wa Brooklands.

Lincoln iliacha kuunda saluni kwa soko la Marekani mwaka 2020, na magari haya ya kale sasa yamebaki kwa watunzaji. Mwenye kulimiliki hulipa gharama za mafuta na vipuri, na huwa mlinzi wa kazi ya watu waliokwisha kwenda. Leland hakuacha kampuni mikononi mwa mwanawe, wala hakuzipa kampuni hizo mbili jina lake mwenyewe. Alichoacha ni kipimo. Kampuni huuzwa kwa mnada, beji hubadilishwa mwenyewe, na hukumu ya mahakama hufunga faili. Lakini kazi iliyofanywa sawasawa hushuhudia yenyewe kila inapowashwa, hata kama mwenye nyumba ni mwingine.