Eliot Elisofon, mpiga picha aliyerudi Mushenge kuona kilichobaki

Eliot Elisofon, Mmarekani aliyepiga picha za wafalme, nyumba na kazi za mikono za Kongo kwa muda wa miaka 25, alifariki tarehe 7 Aprili 1973 mjini New York. Alikuwa na umri wa miaka 61. Aliacha negativu na picha za rangi nyeusi na nyeupe zaidi ya 50,000, pamoja na slaidi za rangi zipatazo 30,000. Picha zake za Afrika alizirithisha mahali pamoja, kwenye jumba la makumbusho ya sanaa ya Afrika mjini Washington.

Wakaaji wengi wa Kolwezi hawajawahi kusikia jina lake. Hata hivyo, wakati huu ambapo nyumba za zamani zinavunjwa ili kupisha machimbo ya shaba na kobalti, maisha yake yana fundisho kwa mji huu. Yanaonyesha jinsi picha ya kawaida inavyogeuka kuwa urithi, na pia ni nani anayebaki nayo mwishoni.

Mtoto wa mtaa wa maskini

Elisofon alizaliwa tarehe 17 Aprili 1911 katika mtaa wa Lower East Side, New York. Wazazi wake walikuwa Wayahudi waliohamia Marekani kutoka Ulaya ya mashariki. Mtaa huo ulikuwa wa nyumba za ghorofa zilizobanana, ambamo familia nyingi za wahamiaji ziliishi katika vyumba vidogo, na watoto wakacheza barabarani kwa sababu hapakuwa na uwanja.

Alimaliza masomo katika chuo kikuu cha Fordham mwaka 1933, wakati Marekani ilipokuwa katika hali mbaya ya uchumi. Miaka miwili baadaye alianza kuishi kwa kupiga picha za matangazo ya biashara. Kazi hiyo ilimpa pesa, lakini haikumtosha. Alijiunga na Photo League, chama cha wapiga picha wa New York walioamini kwamba kamera inapaswa kuonyesha maisha ya watu wa kawaida, na kwa muda fulani akawa mwenyekiti wake. Alirudi kupiga picha mitaa kama ule aliokulia: kuta, ngazi, barabara na watoto.

Hapo ndipo alipojifunza kwamba nyumba inaeleza habari za wanaoishi ndani yake. Fikira hiyo aliibeba hadi Afrika.

Kutoka vitani hadi kwa mwami wa Wakuba

Mwaka 1942 Elisofon aliajiriwa na gazeti la LIFE, lililosomwa na mamilioni ya Wamarekani kila wiki. Lilimtuma vitani huko Afrika ya kaskazini, ambako alifuata jeshi la jenerali Patton hadi Tunisia. Mwaka 1943 picha zake za vita hivyo zilionyeshwa katika makumbusho ya sanaa za kisasa ya New York.

Vita vilipokwisha, alirudi Afrika bila bunduki kuzunguka. Ilikuwa mwaka 1947. Katika safari hiyo ndefu alifika Kongo, iliyokuwa bado koloni la Ubelgiji, na akaenda Mushenge, makao ya ufalme wa Wakuba katika eneo la Mweka, Kasai.

Kwa mtu wa Lualaba, Mweka si jina geni. Ni kituo kwenye reli inayotoka Lubumbashi, ikapita Tenke, Kamina na Kananga, hadi bandari ya Ilebo. Reli hiyo ilijengwa ili kupitisha shaba ya Katanga ndani ya koloni lenyewe. Wakati Elisofon alipofika Mushenge, mji wa Kolwezi, ulioanzishwa na Union Minière mwaka 1937, ulikuwa na umri wa miaka kumi tu.

Huko Mushenge alimpiga picha mfalme, anayeitwa nyim kwa lugha ya Wakuba. Alikuwa Mbop Mabiinc maKyeen, aliyetawala kuanzia 1939 hadi 1969. Katika picha hizo mfalme ameketi akiwa amevaa mavazi mazito ya sherehe, yaliyofunikwa kwa shanga na kauri. Picha hizo zilizunguka dunia.

Lakini Elisofon hakumaliza kazi yake kwa mfalme. Alipiga pia nyumba za Mushenge, ambazo kuta zake zilisukwa kama mkeka, na michoro yake ilifanana na ile ya vitambaa vya rafia na ya vikombe vya mti. Aliyeangalia picha hizo pamoja aliweza kuelewa jambo ambalo Mkuba alilijua tangu utoto: mfumaji, mchongaji na mjenzi walitumia alama zilezile. Nyumba ilikuwa sehemu ya sanaa.

Kwenye maji ya Lualaba

Mwaka 1951 alirudi Kongo kwa kazi ya namna nyingine. Mtengenezaji wa filamu John Huston alikuwa amepiga kambi kwenye mto Ruiki, unaoingia Lualaba katika sehemu ya Ubundu na Kisangani, ili kutengeneza filamu ya The African Queen pamoja na waigizaji Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Elisofon aliwapiga picha wakiwa kazini kwenye mashua na katikati ya pori. Joto, wadudu na magonjwa ya tumbo viliwasumbua wageni hao.

Mwaka uliofuata Huston alimwita tena, safari hii kama mshauri wa rangi katika filamu ya Moulin Rouge. Elisofon alikuwa mmoja wa wapiga picha waliochunguza sana matumizi ya rangi, wakati wenzake wengi waliamini kwamba picha ya maana ni ya nyeusi na nyeupe. Ujuzi huo ulikuja kumsaidia Afrika. Shanga za bluu, kitambaa chekundu cha rafia na udongo wa ukuta vilionekana kama vilivyokuwa.

Kitabu cha mwaka 1958

Mwaka 1958 alitoa kitabu cha The Sculpture of Africa, pamoja na William Fagg, mtaalamu wa British Museum ya London. Kilikuwa na picha zaidi ya 400 za sanamu na barakoa kutoka Afrika ya magharibi na ya kati. Kazi za Waluba na Wachokwe, watu ambao watoto wao wanaishi leo Kolwezi, Dilolo na Kamina, zilikuwa miongoni mwake.

Elisofon alizipiga sanamu hizo kwa namna yake. Mara nyingi alichukua sanamu moja kutoka pande mbalimbali, akitumia taa kuonyesha alama za kisu cha mchongaji. Wasomaji wa Ulaya na Marekani, waliozoea kuona vitu hivyo vimepangwa kabatini kama vitu vya ajabu, walilazimika kuviangalia kama kazi ya fundi mwenye akili na mkono wake.

Hata hivyo kazi hiyo ilikuwa na kasoro ya wakati wake. Vitu vingi vilikuwa vimeondoka Kongo wakati wa ukoloni, na jina la fundi halikuandikwa na waliovichukua. Katika picha za wakati ule pia, mfalme hutajwa kwa jina, lakini mara nyingi mfumaji au mchongaji aliye mbele ya kamera hatajwi. Tunauona uso wake na tunaiona kazi yake, lakini wajukuu wake hawawezi kumtafuta.

Kurudi mahali palepale

Kabla ya Elisofon, wapiga picha wengi walikuja Kongo wakisema wanakimbizana na mambo yanayokufa. Aliyejulikana zaidi alikuwa Casimir Zagourski, Mpolandi aliyefungua studio Léopoldville katika miaka ya 1920 na kufariki huko mwaka 1944. Mkusanyo wake wa kadi za posta aliupa jina lenye maana ya Afrika inayotoweka. Ni picha nzuri sana, lakini jina lake lilikuwa limekwisha kutoa hukumu.

Elisofon alifanya kitu tofauti: alirudi. Aliacha kazi ya kudumu ya LIFE mwaka 1964, akaendelea kusafiri. Mwaka 1967 alishiriki kutengeneza filamu ya saa nne kuhusu Afrika kwa ajili ya televisheni ya ABC ya Marekani. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1970, alifika tena Mushenge.

Mengi yalikuwa yamebadilika. Ubelgiji ilikuwa imeondoka mwaka 1960. Kongo ilikuwa imepita katika vita, na Mobutu alikuwa madarakani. Mbop Mabiinc maKyeen alikuwa amefariki mwaka 1969. Lakini kwenye kiti alikuwepo nyim mwingine, Kot aMbweeky III, naye Elisofon alimpiga picha akiwa katika mavazi ya ufalme.

Picha hizo mbili za wafalme, zilizopishana kwa zaidi ya miaka 20, zina nguvu kuliko moja peke yake. Zikiwekwa pamoja, mtu anaweza kuona ni nini kimebaki na ni nini kimegeuka. Hilo linawezekana kwa sababu mahali panajulikana, mwaka unajulikana na jina la mfalme limeandikwa. Bila hayo zingekuwa picha mbili tu za watu waliovaa vizuri.

Katika miaka hiyo Elisofon alipiga pia msikiti mkubwa wa udongo wa Djenné, nchini Mali, na akatengeneza filamu nne kuhusu urithi wa Afrika kwa televisheni, mojawapo ikihusu Kongo. Safari yake ya mwisho barani ilikuwa mwaka 1972. Mwaka uliofuata alifariki.

Picha ziko Washington

Makumbusho aliyoyarithisha kazi yake yalianzishwa na Warren Robbins mwaka 1964, katika nyumba iliyokuwa ya Frederick Douglass, mtu aliyezaliwa mtumwa akawa msemaji mkubwa wa Wamarekani weusi. Elisofon alikuwa miongoni mwa wadhamini wake wa mwanzo, na aliyapatia pia vitu vya sanaa. Mwaka 1979 makumbusho hayo yaliingia katika taasisi ya serikali ya Smithsonian, na hifadhi yake ya picha inaitwa kwa jina la Elisofon hadi leo.

Kwa Kongo, habari hiyo ina pande mbili. Tarehe 4 Oktoba 1973, miezi sita tu baada ya kifo cha Elisofon, Mobutu alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa na kudai kwamba nchi tajiri zirudishe kazi za sanaa zilizochukuliwa. Mwezi wa Desemba mwaka huohuo Baraza Kuu lilipitisha azimio kuhusu jambo hilo. Miaka mitatu kabla, mwaka 1970, nchi ilikuwa imeunda taasisi yake ya makumbusho ya taifa.

Picha si sanamu, na Elisofon hakuiba mtu. Lakini swali linafanana. Mtoto wa Mushenge anayetaka kuona nyumba ya babu yake ilikuwaje mwaka 1947 anapaswa kuitafuta katika hifadhi iliyo ng'ambo ya bahari. Jambo la afadhali ni kwamba picha nyingi zinaonekana kwenye intaneti, na kwa sababu zilipangwa vizuri, zinapatikana kwa jina la mahali na la kabila.

Na Kolwezi je?

Kolwezi haina jumba la mfalme lenye kuta zilizosukwa. Urithi wake ni wa namna nyingine: nyumba za matofali za kambi za wafanyakazi, shule, makanisa, barabara zenye miti, Musonoi, Cité Gécamines. Ni sura ya mji uliojengwa na kampuni, ambamo vizazi vitatu au vinne vimezaliwa, kuolewa na kuzikwa.

Sura hiyo inaondoka haraka. Mwezi wa Septemba 2023, shirika la Amnesty International pamoja na IBGDH, shirika la haki za binadamu la Kolwezi, walitoa ripoti kuhusu watu waliohamishwa kwa nguvu kwa sababu ya upanuzi wa machimbo. Cité Gécamines, mtaa wenye watu wapatao 39,000, ilikuwa miongoni mwa mitaa iliyotajwa. Nyumba zilikuwa zimekwisha kuvunjwa, nyingine zilikuwa na nyufa kwenye kuta.

Anayedai malipo ya haki kwa nyumba iliyovunjwa anahitaji kuonyesha kwamba ilikuwepo, ilikuwa na vyumba vingapi na ilisimama wapi. Kila simu ya mkononi sasa ina kamera nyepesi kuliko zote alizobeba Elisofon. Picha ya mbele ya nyumba, ya nyuma na ya kila chumba, ikiandikwa jina la mwenyewe, avenue, namba ya parseli na tarehe, kisha ikiwekwa sehemu mbili tofauti, inaweza kuwa ushahidi leo. Kesho itakuwa urithi.

Kazi ya kuandika hayo ni ya dakika chache. Wachongaji wengi wa Waluba na Wachokwe hawakuandikiwa hata majina.